Mlinzi wa Mtandao Asiyevaa Miwani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeinua mkono mbele ya shule nzima. Kwa hiari yangu! Mwalimu Mkuu alidhani naomba ruhusa ya kwenda msalani, akanipa. Ikabidi nieleze.

Serikali imeweka chujio kwenye mtandao ili picha za uchi zisiwafikie watoto. Lakini chujio lina matundu, kwa hiyo Tume inayolisimamia inatafuta wanafunzi wa kujitolea. Tutaitwa Walinzi wa Mtandao. Tukikutana na ukurasa mchafu tutabonyeza Ripoti, nao utafungwa papo hapo. Uchunguzi utafuata baadaye. Mwalimu Mkuu akauliza nani yuko tayari. Nikainua mkono peke yangu.

Sababu nyingine: Ijumaa ya wiki ijayo kuna mdahalo. Hoja ni kwamba serikali ina haki ya kufunga kurasa chafu. Mimi naunga mkono. Anayepinga ni Spika, msichana wa darasa letu. Tunamwita hivyo kwa sababu akinong'ona darasani, wapishi huitikia kule jikoni. Amenifuata mlangoni akaniuliza nani alinichagulia kazi ya kuwachagulia wenzangu cha kutazama. Eti leo wanafunga picha, kesho watafunga midomo. Nilimpa jibu kali sana. Kwa bahati mbaya lilinijia nilipokuwa nimeshafika nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Nimekaa kwenye chumba cha kompyuta mchana kutwa. Sijakutana na uchafu wowote. Nimekutana na hesabu.

Tatizo moja limejitokeza. Mlinzi akiuona uchafu, si macho yake yatachafuka? Nani atamlinda Mlinzi? Nimelitafakari sana, nikapata ufumbuzi. Navua miwani! Bila miwani naona rangi tu. Nguo zikizidi ngozi, napita. Ngozi ikizidi nguo, nabonyeza. Haki inatendeka na moyo unabaki safi.

Kwa njia hii uchafu umepatikana mwingi ajabu. Vitu vya mviringo, vya rangi ya kahawia, bila hata kitambaa! Ukurasa mmoja ulikuwa umevipanga safu kwa safu. Nilibonyeza huku uso unaniwaka moto.

Bibi ameniuliza mbona leo natembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nimemwambia ni siri ya serikali. Akasema basi siri ya serikali ikachote maji.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Mimi na Bibi tunaishi kwa Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na shule. Ni mkunga. Nilijua kwamba ana ukurasa mtandaoni wa kuwafundisha kina mama, ila sikuwahi kuufungua. Mambo ya kina mama, nilidhani, ni ya kina mama.

Leo ameingia na sare yake ya kazi, hakuvua hata viatu. Ukurasa wake umefungwa. Unatoa tangazo jekundu kwamba una maudhui machafu. Ameniambia nimsaidie kulisoma, eti labda macho yake yamechoka. Nikavaa miwani. Nikaisoma anwani. Niliijua, imo katika orodha ya ripoti zangu! Niliibonyeza mimi, Jumanne, kati ya vile vya mviringo na mwanamume mmoja mwenye upara.

Ni ukurasa wa kunyonyesha.

Mama Mdogo alikaa kitini akashika tama. Alisema wodini mzazi hukaa siku moja tu, halafu anarudishwa nyumbani na mtoto asiyemjua. Akikwama ndipo hutazama zile picha: namna ya kumpakata mtoto, namna kinywa kinavyotakiwa kushika. Kuna mmoja, kajifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo kama kiganja. Kila mara humtumia Mama Mdogo uzito wa mtoto. Ulikuwa umeanza kupanda. Jana ulisimama, na leo umeshuka.

Bibi akauliza hiyo serikali yenyewe ilinyonya wapi. Kwenye kopo?

Nilisema nina kazi ya shule. Nimejifungia chumbani na dhamiri yangu, na dhamiri haijui kunyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Nina mpango. Nimeiandikia Tume kwa jina la profesa mzee wa utabibu. Nimeweka maneno mazito. Nimeeleza umuhimu wa titi katika maisha ya taifa.

Jibu limerudi kabla sijainuka kitini. Ujumbe wangu umekataliwa kwa kuwa una neno lisilofaa.

Nimeandika upya. Nimesema "mahali ambapo mtoto hupatia chakula". Jibu: malalamiko ya mikahawa yapelekwe kwa bwana afya.

Profesa amestaafu.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili, nao ulikuwa mzuri zaidi. Mama Mdogo ana zile picha kwenye simu yake. Nilijitolea kuzisafisha ili chujio lizipitishe katika ukurasa mpya. Alifurahi, akanishika shavu, akasema mtoto huyu ni mimi niliyemlea. Nilitaka kuzama ardhini.

Nimezivisha picha zote nguo. Kazi ya asubuhi nzima. Shingo hadi kiunoni, nyeusi tupu, nadhifu. Chujio limezipitisha bila swali. Nikatamba uani!

Jioni kina mama wameanza kupiga simu. Mmoja aliuliza mtoto anakunywa nini kwenye koti. Mwingine alijaribu kama picha inavyoonyesha, mtoto akanyonya kitufe. Mama Mdogo akaelekeza kwa simu mpaka sauti ikamkauka, huku amepakata mto, ingawa aliyeko upande wa pili hauoni huo mto. Bibi naye alipokea simu moja, akafoka, "Mbane! Mbane kwapani kama mkoba!" Nahofia alikuwa ni mtu wa umeme.

Yule wa mtoto mdogo hakupiga. Mama Mdogo aliitazama simu mara nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepongezwa. Sijawahi kuumia hivi.

Mwalimu Mkuu alinitoa mbele ya shule nzima. Tume imetuma salamu: shuleni kwetu ndiko anakotoka Mlinzi hodari kuliko wote. Halafu, ili wengine wajifunze, akasoma kurasa zilizofungwa kwa juhudi zangu. Moja baada ya nyingine. Sauti yake leo ilikuwa safi kama kengele. Alipofika kwenye ukurasa wa Mama Mdogo, nyuma kabisa ya mistari mtu alisema, "Nini?"

Spika. Kwa kunong'ona kwake.

Yule mzazi ni dada yake. Mtoto wa ukubwa wa kiganja ni mpwa wake. Aliniambia hayo baada ya mkusanyiko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema polepole. Afadhali angepiga kelele. Alisema kila jioni wao watatu walikuwa wakikaa kuzunguka simu moja wakifuata zile picha, na sasa dada yake analia na mtoto analia, naye hajui amshike nani kwanza. Akauliza niliona nini hasa hata nikabonyeza.

Nikasema, kahawia.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mdogo anajua. Spika alimfuata kliniki.

Nilitegemea bakora, au angalau hotuba. Nilikuwa nimeshafunga begi. Badala yake alikuta nimekaa juu ya begi, akaniambia nivae miwani. Akakaa pembeni yangu, akafungua zile picha za mwanzo, akanifundisha zote. Kidevu kiguse wapi. Mdomo ufunguke kiasi gani. Masikio yangu yaliwaka hata nikahofia mapazia. Lakini mtu hafi kwa haya, nimethibitisha. Picha ya tatu nilikuwa nauliza maswali. Picha ya mwisho nilimsahihisha Bibi.

Kisha Mama Mdogo akasema hata yeye hapendi watoto waone uchafu. Huko wodini ameona wasichana walioharibiwa na picha zilizosambazwa. Hagombani na chujio. Anagombana na mtu anayechuja huku kafumba macho.

Ameulizia Tume. Ukurasa unaweza kurudishwa upesi iwapo aliyeripoti atafika mwenyewe na kutengua ripoti kwa mdomo wake. Mbele ya watu. Kwa mdomo. Mimi!

Jumatano, 12 Machi

Ofisi ya Tume ina dirisha moja na foleni inayotoka nje. Nilikwenda na Mama Mdogo, na Bibi aliyesema hakosi. Mbele yetu alisimama mfinyanzi mwenye vyungu vyake mikononi, akidai vimefungiwa. Vya mviringo. Vya kahawia. Nyuma yake mwoka mikate. Nilijificha nyuma ya Bibi, ambaye ni mfupi.

Afisa ni kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alitaka kuutazama ukurasa wetu, ila chujio limeufunga hata kwenye kompyuta yake. Anaamua rufaa za picha asizoruhusiwa kuziona! Akaniomba nieleze kwa sauti, kwa kuwa kioo ni kinene, ukurasa unaonyesha nini.

Nikanong'ona. Hakusikia. Nikanong'ona tena. Mama Mdogo hakunisukuma wala hakunisemea. Alikuwa anaitazama simu yake, ile ambayo bado haijalia.

Nikapiga kelele: "TITI! Ni titi la mama, na mtoto ana njaa, na mimi niliripoti bila kuangalia!"

Foleni yote ikageuka. Mwoka mikate akapiga makofi. Bibi akaitangazia ofisi kwamba huyu ni mjukuu wake. Afisa akabonyeza kitu, ukurasa ukafunguka, halafu akainama dirishani akamuuliza Mama Mdogo, kwa sauti ya chini, mtoto akicheua kila mara ni kawaida?

Nilitengua na vyungu pia. Mfinyanzi amenipa kimoja. Sikustahili, lakini kukataa kungehitaji maneno, na yangu yalikuwa yamekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Mdahalo. Nilisema bado naamini watoto walindwe, ila anayefunga mlango kwanza atazame nani yuko ndani. Wengine walipiga makofi. Spika alisema ikiwa ndiyo hoja yangu, basi niko upande wake na nihamishe kiti. Ameshinda kwa kura nyingi. Moja yangu.

Baadaye alinionyesha simu. Mizani, na juu yake mtoto aliyenuna. Uzito umepanda. Sikuvua miwani. Nilitazama sana.

Jumapili, 16 Machi

Nimebadilika kabisa. Sasa ni mtetezi wa uhuru wa kusema! Nimeanzisha Chama cha Uhuru wa Kusema hapa shuleni, Mwenyekiti ni mimi. Kila mwanafunzi atazungumza lolote analotaka.

Bila shaka uhuru ukiachwa ovyo huharibika. Kwa hiyo kila hotuba iletwe kwangu mapema, niipitishe. Bibi ameuliza kama hicho ni chama au ni forodha. Wazee hawaelewi mambo ya kisasa.

Spika ameshaleta yake. Kurasa sita, mwandiko wa kubana. Nimeikataa. Kuisoma yote kungenila jioni nzima, na kwa jinsi ninavyomfahamu, itakuwa na maneno makali.