Wazee Kumi Wasiojua Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi
Leo bahati imebisha hodi hapa getini chuoni, kwenye meza yangu ya kushona viatu. Profesa kaleta soli iliyobanduka. Kasema jarida lake linatimiza miaka thelathini Jumamosi ya tarehe 22. Mimi najua majarida ya picha za wasanii. Lake linaandika habari za wazee na mazoezi, basi, na linasomwa mpaka ng'ambo.

Kwenye sherehe anataka wageni wajionee kwa macho. Upande huu wazee kumi wa mazoezi, upande ule kumi wasiofanya kabisa. Wasimame na kukaa kitini nusu dakika, wahesabiwe. Wa mazoezi anao. Wale wengine hana. Nikamwambia hilo aniachie mimi, mama mkwe ninaishi naye.

Nikifanikisha, atanipendekeza kazi ya kutunza ukumbi wa mazoezi. Kazi yenye paa! Miaka kumi na moja jua langu, mvua yangu. Mlinzi wa geti naye anaitaka. Yule kamaliza kidato cha nne, basi hatupumui.

Jumanne, 4 Machi
Kumi wametimia. Mama mkwe, fundi saa mstaafu, na wanane wa kikundi cha kufuma. Mama mkwe kasema tangu nimwoe binti yake sijamwomba kitu chepesi hivi, yaani kushindwa.

Nimewajaribu uani. Fundi saa kasimama mara nne, ya tano kiti kikamfuata. Mama mkwe mara tatu, ya nne kakaa, kasema yeye ameshafika.

Hawa watanivua nguo mbele ya wageni. Nani atampa ukumbi wa mazoezi mtu aliyeleta wazee wa kubebwa? Kesho alfajiri naanza kuwanoa. Siri.

Jumatano, 12 Machi
Mambo moto. Kila alfajiri viti kumi uani, mimi mbele na filimbi. Fundi saa kafika kumi na moja. Mama mkwe juzi kagombana na mwenzake nani kapumzika sana.

Mlinzi kapita, kauliza mbona wazee wanatoka kwangu wanatiririka jasho. Nikasema tulikuwa kwenye maombi. Kasema kwao maombi hayahesabiwi moja mpaka kumi.

Mke wangu naye kauliza: hivi Profesa aliomba wanaoweza au wasioweza? Nikamwambia mambo ya kitaalamu asiyaingilie.

Jumamosi, 22 Machi
Ukumbi umejaa. Tai, miwani, keki ya ghorofa tatu. Ukutani mchoro mkubwa: mstari wa wenye mazoezi unapanda, wa wasiofanya umelala chali.

Wazee wa Profesa wametangulia. Mwenye nyingi kapata kumi na nne. Makofi.

Wakaja wangu. Fundi saa kumi na tano, na malalamiko kwamba saa yao inakimbia. Mama mkwe kumi na saba. Nimepiga makofi peke yangu. Nikageuka kuangalia kulikoni, nikaona watu wote wanautazama ule mchoro.

Profesa kamshika mama mkwe mkono, kamuuliza kwenye kipaza sauti kama kweli hajawahi kufanya mazoezi. Mama mkwe kajibu hajawahi maishani, mwanangu, isipokuwa hizi alfajiri kumi na saba mkwewe anapowanyanyua kama magunia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa hakucheka. Kanitazama mpaka nikahisi soli zangu zinabanduka. Halafu kauliza polepole: alfajiri kumi na saba tu? Mgeni mmoja mwenye mvi akasimama, kasema hiyo ndiyo hotuba nzuri kuliko zote za leo. Hapo makofi yakawa ya watu wote.

Jumatatu, 24 Machi
Ukumbi kapewa Mlinzi. Kapita na funguo zinalia kiunoni, kaniuliza maombi yanaendeleaje.

Lakini alfajiri nimeamshwa na kelele za viti. Wazee wote kumi, na majirani wawili juu. Filimbi kapuliza mama mkwe. Baadaye kaenda sokoni kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu goti lianze kumsumbua. Nilikuwa nyuma na kikapu, na sikumfikia mpaka sokoni.

Mchana Profesa kaja mezani. Kanisema, nikasemeka. Kisha kasema kuna utafiti mpya: anataka wazee watano wasiopata usingizi. Kasisitiza niwalete vilevile walivyo, nisiwaguse. Ofisi ya jarida inatafuta tarishi, atanikumbuka. Nimeapa kwa viatu vyote vya wateja.

Jumatano, 26 Machi
Watano nimewapata. Nimewakagua. Macho mekundu, wanapiga miayo, mmoja kaniita kwa jina la marehemu kaka yake. Huwezi kuwapeleka watu wa namna hii mbele ya wasomi.

Nimetandika mikeka mitano uani, kivulini. Kila mchana, kwa saa mbili nzima, maziwa ya moto, kimya. Wanne tayari wanakoroma. Huyu wa tano nambembeleza.