Faili la Bi Waridi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Bahati imeingia dukani kwangu na baibui lake! Bi Waridi wa Mchafukoge kaleta sidii ya taarabu aliyoimba marehemu dada yake. Ipo hiyo moja tu. Inatakiwa kwenye flashi, ipigwe Jumamosi kwenye harusi ya bintiye, Siwema. Sidii hiyo hiyo ataipeleka pia kwa Hafidhi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la muziki kama langu. Atakayemridhisha ndiye atakayepiga muziki shughuli nzima.
Hafidhi kwisha habari yake.

Jumanne, 5 Agosti
Nimetumia programu mpya niliyoishusha mtandaoni. Inatoa faili la sauti kamili, halipunguzi hata pumzi. Na ni la aina yake, halifanani na la mtu yeyote Kariakoo. Hafidhi katumia aina ile ya kawaida. Maskini.

Jumatano, 6 Agosti
Ushahidi! Violeth, muuza kava za simu, kaniambia ameliona faili la Hafidhi: dogo kuliko langu. Mwizi! Kamega sauti ya marehemu! Nimekimbia kwa Bi Waridi, nikamwambia Hafidhi kala ubeti mzima. Mama wa watu akalia. Roho ikaniuma. Kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti
Bi Waridi katuita wote wawili. Hafidhi kafungua mafaili yote mawili kwenye kompyuta, kayalinganisha. Sauti ni ile ile, mwanzo hadi mwisho! Akasema nguo ni zile zile; yeye kazikunja, mimi nimezisokomeza, ndiyo maana begi langu limevimba. Violeth alicheka mpaka akakaa chini.
Hata hivyo kazi nimepewa mimi! Hafidhi kajitoa: kaalikwa harusini, anataka kula pilau lake kwa raha. Kanishauri niligeuze faili liwe la kawaida, maana mashine ya ukumbini huenda isilijue. Ushauri wa adui? Thubutu.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukumbini, Mnazi Mmoja. Siwema kasimama. Bi Waridi kashika noti, tayari kutunza. Nikabonyeza.
Kimya.
Mashine ikaandika haijui faili hili. Nikalibadilisha jina. Mashine ikaguna, ikazima. Bi Waridi akanisogelea, akauliza polepole: "Idrisa mwanangu, dada yangu yuko wapi?"

Hafidhi akaacha pilau, akakimbia dukani kwake, akarudi na flashi, jasho linamchuruzika. Lile faili dogo. Likaimba! Bi Waridi akalia, Siwema akalia. Nami nikalia, nyuma ya spika.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari sana. Kosa nimeligundua: mashine ya ukumbini ni mbovu.
Mchana kaja Benedikta, kiongozi wa kwaya, anataka wimbo wao wa mazoezi kwenye flashi. Nimempa faili lisilofunguka popote isipokuwa kwenye kompyuta yangu. Wakitaka kujisikiliza, kwaya nzima itahamia dukani kwangu.
Nimeshaazima mabenchi.