Msanii Pekee wa Ukanda

Napenda kuutangazia umma, ingawa kwa kuchelewa kidogo, kwamba Alhamisi ya tarehe 8 Machi 2001 sanaa za Rufiji na visiwa vya delta ziliingia rasmi kwenye mtandao wa dunia. Kabla ya siku hiyo sanaa ilikuwepo, hatukatai, lakini ilikuwepo bila utaratibu. Mtu aliamka asubuhi akachonga mwiko, mwingine akapiga ngoma arusini, na hakuna aliyejaza fomu.

Mimi naitwa Lucas. Nilikuwa Ofisa Mtandao Daraja la Tatu katika Ofisi ya Uratibu wa Sanaa za Ukanda, hapo Kibiti. Daraja la Kwanza na la Pili hayakuwa na watu, kwa hiyo katika mambo ya mtandao nilikuwa bosi wa nafsi yangu na tarishi wake. Juu yangu alikuwepo Mratibu Mkuu, Bwana Nicolaus, mtu wa bara kama mimi, mwenye suti tatu na mihuri minne. Wazo la Orodha ya wasanii lilikuwa lake. Alirudi nalo kutoka semina, pamoja na mkoba na kalamu mbili.

"Lucas," aliniambia, "mtu yuko Ulaya, au hata Mbagala, anamtaka mpiga ngoma wa huku. Afanyeje?"

"Aje aulize, mzee."

"Aulize!" Alicheka kwa huruma. "Hizi ni zama za soko huria. Anafungua kompyuta, anaandika jina la Ukanda, wasanii wote hawa hapa, na anwani zao. Mambo ya kuulizana njiani yamepitwa na wakati."

Kompyuta ililetwa. Simu ya kuiunganisha na dunia haikuletwa, lakini ofisi haikukwama kwa jambo dogo kama hilo. Kila Alhamisi nilipakia Orodha kwenye disketi, nikaifunga katika mfuko wa nailoni isiingie vumbi, nikapanda basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, kwenye duka la intaneti pale Kariakoo. Ijumaa nilirudi na imeili zilizochapwa, zikiwepo. Basi likinasa kwenye tope la Mkuranga, tulihesabu kuwa mtandao umekatika.

Kabla ya kuwafungulia wasanii mlango, ilibidi fomu ijaribiwe.

"Weka jina langu," alisema Bwana Nicolaus.

"Sanaa gani, mzee? Kuna fani tisa za kuchagua."

"Weka zote, tuone kama inakubali."

Ilikubali. Kuanzia Alhamisi iliyofuata, dunia nzima ilikuwa na taarifa kwamba Bwana Nicolaus wa Kibiti ni mpiga ngoma, mchonga vinyago, mfinyanzi, mghani, mchezaji wa sindimba, fundi wa zumari, mtunzi wa nyimbo za arusi, mchoraji na msuka mikeka. Nilikumbusha mara mbili kwamba jaribio lifutwe. Nilijibiwa mara mbili kwamba Orodha tupu inatia aibu.

Msanii wa kwanza kufika ofisini alikuwa Bibi Semeni binti Kibwana, wa Mbwera. Alikuwa ametoka kwao kwa mashua hadi Nyamisati, kisha juu ya lori la mchele hadi Kibiti, na begani alibeba mkeka uliokunjwa kama bomba. Aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akauliza kama hapa ndipo wanapoandikwa wenye kazi za mikono.

"Ndipo, bibi. Fungua basi tuone."

Alikunjua ule mkeka sakafuni. Sasa mimi ni ofisa, sikuajiriwa nishangae. Lakini nilisimama nyuma ya meza yangu bila kuamriwa. Ulikuwa wa ukindu, wekundu wa damu ya mzee na weusi na rangi yenyewe ya jani, na mapambo yake yalikuwa yakizunguka kutoka pembeni kwenda katikati, yakirudi, kiasi kwamba jicho lilipotea humo na halikutaka kutoka.

"Huu husuka nani mwingine kwenu?"

"Hakuna. Alinifundisha mama, na mama hayupo. Wachuuzi wanakuja Mbwera, wanachukua mikeka, wanavuka nayo Unguja. Huko wanasema imesukwa hukohuko." Alikuwa akikunja pembe ya mkeka na kuinyoosha tena. "Mie, mjukuu wangu, sitaki makubwa. Nataka tu ijulikane nimesuka mie. Waandike jina."

Nilimwambia amefika mahali penyewe, nikachukua fomu.

"Anwani ya imeili?"

"Ndiyo nini?"

"Namba ya simu, basi."

"Mbwera? Simu itatoka wapi, mwanangu?"

"Picha mbili za pasipoti, nyuma ziwe za buluu. Na barua ya kuthibitisha kuwa wewe ni msanii, itoke kwa msanii aliyekwisha kuingia kwenye Orodha."

"Aliyeingia ni nani?"

"Bwana Mratibu Mkuu."

"Yuko wapi nimwombe?"

"Yuko Morogoro. Ana warsha ya wiki mbili juu ya mbinu za kuwafikia wasanii."

Bibi Semeni alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Hebu nikae hapa chini nisuke, uone mwenyewe. Ukindu ninao."

Nilimweleza kwamba kanuni haziruhusu sanaa kufanyika ndani ya ofisi. Hakubishana. Alisema mkeka utabaki, Mratibu akirudi auone, labda utasema yeye asichoweza kusema. Akatoka kwenda kutafuta lori la kumrudisha. Niliandika kwenye daftari: Mteja mmoja, amehudumiwa.

Bwana Nicolaus aliporudi aliuona mkeka, akaupenda palepale, akaagiza utandikwe chini ya meza yake, kwa kuwa sakafu ya saruji ilikuwa ikimpa baridi ya miguu. Kisha akakumbuka kwamba Orodha haina picha hata moja.

"Upige picha, uuweke."

"Kwa jina la nani, mzee? Yule bibi hana sifa za kuingia."

"Picha haiwezi kukaa bila jina. Weka penye jina lililopo."

Niliweka penye jina lililopo. Nakiri kwamba mkono ulisita kwenye kibonyezo, lakini kusita hakuna safu katika ripoti ya mwezi.

Mwezi wa tano nilirudi kutoka Kariakoo na imeili ya kwanza katika historia ya ofisi. Iliandikwa na Bi. Emmy, mwalimu wa sanaa Dar es Salaam, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya ususi wa pwani. Alisema miaka minne iliyopita alinunua mkeka mmoja Unguja, na tangu hapo amekuwa akimtafuta aliyeusuka, bila mafanikio. Sasa amefungua Orodha, ameona picha, ameutambua mkono. Alimwomba Bwana Nicolaus, kwa heshima zote, afike kwenye ufunguzi asuke mbele ya watu. Mgeni rasmi angekuwa mkubwa kutoka Makao Makuu yetu.

Bwana Nicolaus aliisoma mara tatu. Kila mara uso ulizidi kung'aa.

"Unaona, Lucas? Mfumo umefanya kazi."

"Mzee, mkeka ni wa Bibi Semeni. Tumpelekee habari Mbwera. Mashua zinatoka Nyamisati kila siku."

"Yule bibi yumo kwenye mtandao?"

"Hayumo."

"Asiyekuwemo utampataje?" Alikunja karatasi, akaitia mfuko wa koti. "Nitakwenda kwa niaba ya fani. Mimi nitatoa mada. Kusuka kwenyewe ni utekelezaji tu."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mkeka wa chini ya meza ya bosi sasa ulikuwa umetundikwa ukutani, umepigwa taa, na chini yake kibao chenye jina la Bwana Nicolaus. Yeye alivaa suti ya rangi ya maziwa. Alizungumza dakika arobaini kuhusu dira ya ususi, changamoto za ususi na ususi katika karne ya ishirini na moja. Watu walipiga makofi. Kisha Bi. Emmy, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akamtandikia busati, akamwekea mbele fungu la ukindu uliolowekwa.

"Tuanzie tu utepe mmoja wa ukili, mzee wangu. Huu wa kwako una majani mangapi?"

"Hiyo inategemea bajeti," alisema Bwana Nicolaus.

Ukumbi ulicheka, ukidhani ni mzaha. Mgeni rasmi, aliyekuwa mtu mnene mwenye furaha, akasema kwa sauti, "Suka basi, fundi, tujionee!"

Mkubwa akishasema, hakuna namna. Bwana Nicolaus alikaa chini na suti yake, akashika jani, akalipitisha juu ya jingine, akalirudisha, akalifunga. Jasho lilimtiririka. Baada ya robo saa alikuwa ametengeneza kitu mfano wa kiota cha ndege asiye na akili, na ndani ya kiota hicho kilikuwamo kidole chake cha shahada, kimekazwa hakitoki. Mpiga picha wa gazeti alipiga. Mgeni rasmi alisimama akapiga makofi na kusema sanaa ya kisasa ina mambo.

Bi. Emmy hakupiga makofi. Alinifuata mlangoni, nilipokuwa nimesimama na mkoba wa bosi.

"Wewe ni wa ofisi yake?"

"Ofisa Mtandao Daraja la Tatu, mama."

"Nani amesuka mkeka ule?"

"Ofisa haruhusiwi kumtaja msanii asiyesajiliwa."

Alinikazia macho. "Sawa. Huyo usiyeruhusiwa kumtaja, anakaa wapi?"

Nilifikiri. Nilizipitia kanuni zote kichwani, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. "Kuhusu makazi," nikasema, "kanuni haikusema kitu. Mbwera."

Yaliyofuata alinisimulia Bi. Emmy mwenyewe. Alipanda basi hadi Kibiti, akapata usafiri hadi Nyamisati, na pale gatini akamkuta nahodha wa boti ya mashine, Mohamedi, akipakia magunia. Alimfunulia pembe ya mkeka, maana alikuwa ameuchukua ukutani akaja nao.

"Wa Semeni huo," alisema Mohamedi bila kuuliza lolote. "Panda."

Utafiti wa miaka minne ulikwisha kwa maneno manne.

Walimkuta Bibi Semeni uani, anaanika ukindu. Bi. Emmy alimpa shikamoo, akautandika mkeka mbele yake. Bibi alipiga magoti, akapitisha kiganja juu yake, sehemu moja akarudia.

"Umekanyagwa na viatu huu," alisema.

"Ndiyo, bibi. Samahani."

"Samahani ya nini, na wewe hukukanyaga?" Akaugeuza upande wa pili. "Sasa mmeuleta niuchukue?"

"Nimeuleta nikuombe uje nao. Kuna watu wanataka kukuona unavyosuka. Na kuna wasichana watatu wa chuo wanaotaka kujifunza, ukikubali."

"Na jina?"

Bi. Emmy alitoa mkobani kibao kipya alichokiandika botini, baada ya kutajiwa jina kamili na Mohamedi. Bibi Semeni hajui kusoma herufi hizi, anasoma za msahafu. Aliomba asomewe. Akasomewa. Aliomba tena. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kujifunika uso na upande wa kanga.

Bibi alikubali, akakaa Dar es Salaam wiki mbili. Watu walipanga foleni kumwona anavyotia rangi jani na kuliingiza. Wasichana wale watatu walifuatana naye kurudi Mbwera, mmoja yuko huko mpaka leo, ameolewa na binamu wa nahodha Mohamedi.

Sasa nirudi ofisini. Mwezi wa nane Makao Makuu walipewa agizo la kupunguza wafanyakazi, kama ilivyokuwa kila mahali miaka ile. Kamati ilikaa siku sita ikitafuta njia ya haki: nani aondoke, nani abaki? Ikaamuliwa waanze na wale wenye shughuli nyingine ya kuwapatia riziki. Wakauliza, tutawajuaje? Yule mkubwa mnene akasema kuna Orodha ya kisasa kabisa, ipo kwenye mtandao, tena yeye binafsi ameshuhudia.

Barua ilikuwa fupi. Ilimpongeza Bwana Nicolaus kwa vipaji vyake tisa. Ilisema si haki serikali kuendelea kumfunga mtu wa namna hiyo mezani, na kwamba anaachiliwa kuanzia mwisho wa mwezi akaitumikie sanaa katika soko huria.

Alisafiri hadi Makao Makuu siku hiyohiyo. Aliwaambia lilikuwa jaribio. Waliuliza, jaribio la miezi mitano? Aliwaambia hajui kusuka, hajawahi kusuka, hajui hata ukindu unatoka kwenye mti gani. Wakamwekea mezani gazeti, lenye picha yake akiwa na suti na kiota. Mkubwa alimpiga bega akamwambia asijidharau, wasanii wote wana hofu.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua aliko. Alijaribu duka la vifaa vya shule Ikwiriri, halikusimama. Suti zikapungua, ikabaki moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mbwera, sasa nikiwa Kaimu Mratibu, kuchukua majina ya watu kwa kalamu na daftari, kwa mdomo wao wenyewe. Nilipobisha hodi kwa Bibi Semeni nilimkuta amekaa kibarazani na wanafunzi wake. Mwisho wa mstari alikaa mwanamume mmoja amekunja suruali, ana kisu kidogo, anachana majani ya ukindu. Alikuwa Bwana Nicolaus. Alinyanyua macho, akaniamkia yeye kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kisha akarudi kwenye majani yake haraka kabla bibi hajageuka.

"Alikuja mwenyewe," Bibi Semeni aliniambia kwa sauti ya chini, tulipokuwa tunakunywa chai. "Akasema watu wote wanajua yeye ni msuka mikeka, ila yeye. Nikamwonea huruma."

"Anaweza, bibi?"

Alimtazama yule mwanafunzi wake kwa muda, akapima.

"Kusuka bado," alisema. "Mkono mzito. Lakini kukaa chini amekwisha kujua."