Mshenga Kaota Nywele

Habari iliyovuruga kahawa yetu ililetwa na Wilbert, fundi simu, ambaye hapa kijiweni nyuma ya soko la Bukoba tunamwita Taarifa. Hata salamu hakutoa. Alikaa kwenye benchi, akainua simu ya mteja aliyepaswa kuwa anaitengeneza, akasoma kwa sauti ya msoma risala:

"'Asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya chunusi, yadaiwa kuwasaidia baadhi ya watu wanaopoteza nywele.'"

"Asidi?" akauliza Burhani muuza kahawa, kikombe cha Taarifa kikiwa kimemgandia mkononi. Huyu tunamwita Alhaji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote iliishia Kemondo, hapa jirani. "Hiyo hiyo ya kwenye betri?"

"Alhaji, wewe siku moja utakamulia betri kwenye samaki ukidhani ndimu. Hii ni asidi ya kistaarabu. Wameandika inapatikana hata kwenye ngano na shayiri."

"Kama ni ngano, chapati za mke wangu Zabibu zingekuwa zimeshakuotesha manyoya tumboni."

"Na mtama je?" nikachomekea. "Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ina mtama. Mbona wanywaji wa Kashozi hawana rasta?"

"Wao wanakunywa. Hapa wameandika kupaka."

Tukacheka wote, isipokuwa Datius. Datius anauza viatu vya mitumba, na kwa umri ni kijana mwenzetu kabisa, ila kipara kilimwanza akiwa kidato cha nne. Si kipara cha mchezo. Ni kipana, kinang'aa, na mbele yake kuna mikunjo ya paji inayofanana na hekima. Ndiyo maana tunamwita Hakimu. Kichwa kile kimemfikisha mahali ambapo vyeti vyetu havijafika. Akiingia kanisani Kashozi anaongozwa kwenye benchi la wazee. Alikwenda Ngenge kununua maharage, akarudi ameamua kesi ya mpaka wa kibanja cha migomba. Na kijana yeyote wa kijiweni akitaka kuoa, mshenga ni Hakimu, kwa sababu wakwe wakikiona kile kipara wanashusha sauti wenyewe.

Siku hiyo alikuwa amevaa kofia ya sufu hadi masikioni. Hakimu kuvaa kofia ni sawa na mwenye duka kufunika bidhaa.

"Hakimu, mbona leo umeifunga mahakama?" Alhaji akauliza.

"Baridi."

"Baridi ipi, mwaitu, ndugu yangu, na mimi hapa natoka jasho?"

Taarifa hakuuliza. Alinyoosha mkono, akaivuta kofia.

Kichwani kwa Hakimu kulikuwa na nywele. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa laini kama za kifaranga, zimeota kwa mafungu, fungu utosini na fungu jirani na sikio, kama maharage yaliyopandwa na mtu anayewahi basi.

"Ni Edvina," akasema Hakimu kwa aibu. "Mke wangu kasoma habari kama hiyo yako, kaenda famasi kanunua tyubu. Ananipaka asubuhi na jioni. Nikisema inawasha, ananiambia nivumilie, mbona yeye anavumilia watu kumuuliza baba yake mkubwa anaendeleaje."

"Na famasi walimruhusu?"

"Walimwambia wao wanauza dawa ya chunusi, mambo ya nywele ushahidi wake bado mdogo, na si kila kichwa kinakubali. Ndiyo kwanza akaongeza tyubu ya pili."

"Chunusi unazo kichwani?"

"Sina."

"Basi imefanya kazi," akasema Alhaji.

Wakati tunacheka, mmoja wetu alikuwa ameshatua kikombe chini. Alikuwa Gozbert, mchomelea mageti, tunayemwita Mtarajiwa. Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda Buganguzi, huko Muleba, kumposa Klaudia. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza baba wa binti, Mzee Ndyamukama, mkulima wa kahawa asiyecheka ovyo, aliurudisha msafara mlangoni kwa sababu mshenga alikuwa na nywele za kiduku. "Siongei na watoto," alisema. "Nileteeni mtu mzima, au msirudi."

"Hakimu," Gozbert akasema taratibu, "umenimaliza."

"Anyoe tu," nikasema. "Tatizo liko wapi?"

Gozbert akanitazama kwa huruma. "Wewe hujaposa. Mzee akishakubali, mshenga anapiga magoti kushukuru na kuinamisha kichwa. Utosi wote unakaa chini ya pua ya mzee. Kipara cha kunyoa kina vinyweleo kama kidevu cha mlinzi. Ndyamukama akitazama kahawa kwa mbali anajua ipi imekauka juani na ipi imeharakishwa. Atashindwa kichwa?"

"Tutafute kipara kingine," Taarifa akapendekeza. "Mzee Elieza je?"

"Elieza anacho, lakini ukimpeleka kuposa ataanza kujiombea yeye."

"Padri?"

"Wilbert, tafadhali tengeneza simu."

Alhaji akashauri mafuta ya samaki. Shauri hilo likakataliwa, maana msafara ungefika Buganguzi umefuatwa na paka wa wilaya nzima. Ndipo Taarifa alipotazama meza ya Hakimu, palipopangwa viatu, brashi na kopo la rangi ya viatu ya kahawia.

"Anyolewe alfajiri," akasema, "kisha apigwe brashi."

"Kichwa changu si kiatu," Hakimu akapinga.

"Kichwa chako ni mali ya kijiwe. Usikisemee peke yako."

Tukapiga kura. Hakimu alipata kura moja, ya kwake.

*

Jumapili baada ya misa walirudi. Hakimu alikuwa na kichwa cha rangi ya kabati jipya. Sabuni ilikuwa imeshindwa. Gozbert alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu akaambiwa zawadi iko Kigoma.

"Amekubali au amekataa?" Alhaji akauliza kabla hawajakaa.

"Vyote," akasema Gozbert. "Mwache mshenga aeleze."

Hakimu akanywa funda moja. "Mambo yalianza vizuri mno. Tumepewa kahawa ya kutafuna, tumeitafuna kwa heshima. Nimetoa methali, nyingine nilizitunga papo hapo. Mzee ananiita mzee mwenzangu. Ananiuliza habari za vita vya Amini, na mimi najibu."

"Ulikuwa hujazaliwa."

"Baba yangu mwenyewe alikuwa mtoto. Lakini nilijibu vizuri. Basi mzee akasema, binti nimewapa. Nikapiga magoti. Jua linaingia mlangoni, jasho linanitoka. Nikaona kidole cha mzee kinashuka. Kikapita utosini, taratibu. Akakitazama. Akakinusa. Akasema, akiniita baba kwa Kihaya, 'Tata, hiki kichwa kinanuka kiatu.'"

Taarifa akaanza kusoma simu kwa bidii.

"Ukafanyaje?"

"Nikasema ukweli, nikiwa bado nimepiga magoti. Mzee, mimi si mzee. Nina nywele. Mke wangu amenipaka dawa zikaota, nimezinyoa kwa ajili ya shughuli yako. Nikafumba macho nisubiri fimbo."

"Fimbo ikaja?"

"Haikuja. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa amevua kofia yake. Waitu, mimi naitwa mwenye kipara, lakini pale nilijiona mwanafunzi. Kile kichwa kimekwisha hata kumbukumbu ya nywele. Akawafukuza wote waende kibanjani kutazama migomba. Mimi akanibakiza, akafunga mlango."

"Nilijibanza dirishani," akadakia Gozbert. "Nilidhani anamuua. Nikasikia anauliza, 'Inawasha?' Hakimu anajibu, 'Kidogo.' 'Na mto hauchafuki?' 'Hauchafuki, mzee.' Nilitokwa jasho kwa ajili ya mto."

"Halafu?"

"Akatoka nje, amevaa kofia yake, mkali kama kawaida. Akatangaza mbele ya ukoo mzima. Binti ametoa, harudi nyuma. Harusi itafungwa siku nywele zake zitakapoota."

"Nywele za nani?" nikauliza.

"Zake. Za baba mkwe."

"Kile kipara kina umri gani?"

"Kimemzidi Klaudia," akasema Gozbert, akashika kichwa chake mwenyewe kama anayekagua akiba.

"Usikate tamaa," akasema Alhaji. "Cha muhimu apakwe vizuri. Nani anampaka? Wewe?"

"Mkwe hagusi kichwa cha baba mkwe, Alhaji, hata kama kinaungua."

"Mama mkwe basi."

"Amegoma. Anasema miaka yote amelala kwa amani, leo amwoteshee mume nywele, kesho akaongeze mke wa pili."

"Sasa nani?"

"Klaudia. Jana jioni na leo asubuhi, kwa tyubu ya Hakimu na nguvu ya mtu anayepiga deki. Anasema jana mzee alimuuliza kama anataka mume au anataka kumwondoa ngozi."

*

Majuma yakapita. Kijiwe kiliacha kuzungumzia mpira. Simu ya Gozbert ikiita, hata wateja wa kahawa waliokuwa wapita njia walisimama kusikiliza.

"Kuna dalili?"

"Kinang'aa zaidi."

Taarifa, kwa unshomile wake, ule wa kujifanya msomi, alieleza kwamba mng'ao ni hatua ya awali. Alhaji alisema aliwahi kusikia hivyo kuhusu uji. Wakati huo Hakimu alikuwa ameshaota nywele za kuchana na njia pembeni. Edvina alikuwa anapita naye sokoni amemshika mkono, na makonda walikuwa wanamwambia, "Dogo, sogea nyuma mzee akae." Kanisani Kashozi alirudishwa kukaa na vijana wa kwaya.

Jana mchana simu ikaita. Gozbert akaweka sauti kubwa.

"Umeota," ilisema sauti ya Klaudia, inahema.

Benchi zima tukasimama.

"Utosini?"

"Hapana. Sikioni. Dawa huwa inachuruzika."

"Zipo ngapi?"

"Unywele mmoja. Ila ni mrefu."

Gozbert akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa. Taarifa ndiye aliyeokoa jahazi.

"Ndugu zangu, tuwe makini. Mzee alitangaza nywele zikiota. Alitaja mahali?"

"Hakutaja," akasema Hakimu.

"Basi sharti limetimia. Mshenga, jiandae, tukadai mke."

"Kwa kichwa hiki? Atanipa pipi anirudishe nyumbani."

Tukaanza kubishana nani aende, kila mtu akigusa paji lake kuona kama kuna nafasi. Kumbe Klaudia hakuwa amekata simu.

"Msimtume mtu," akasema. "Nisikilizeni nyinyi. Tangu asubuhi tata yuko kwenye kioo. Kila jirani anayepita anaitwa aje atazame. Sasa hivi ametoka, anasema nywele zake zimeota, kauliza kitana kiko wapi."

"Mmempa?"

"Nyumba hii haijawahi kuwa na kitana cha mwanaume."

Alhaji akageuka kumpa Gozbert hongera na kikombe cha bure. Lakini Gozbert alishavuka barabara, anakimbilia duka la vitana.