Karte ya Patron na Mutoto Mugongoni

Leo nimepata haya mpaka Gloire mugongoni akanyamaza. Na wale wanaomujua mutoto wangu wanajua kwamba hanyamazagi.

Ninaandika nikiwa bado na hasira, mutanisamehe makosa.

Munajua nilipata kazi. Kazi ya kweli, si ile ya "tutakupigia". Patron wangu anaitwa Papa Kasereka. Yeye anasaidia watu kuuza biashara zao. Mutu anataka kuachia farmasi yake au depo yake ya vinywaji, yote nzima, pamoja na rafu, jina na wateja, basi Papa Kasereka anamutafutia mununuzi. Lakini mauzo kama hayo hayaendi bila avoka, mwanasheria wa kuandika mukataba, na Papa Kasereka alichoka kuulizia avoka barabarani kila mara sawa mutu aliyepoteza kuku. Ndipo akanichukua mimi, mwenye diploma ya commerciale iliyokuwa inalala chini ya godoro, nimutengenezee tablo, orodha yenye makasha ya kujaza, ya ofisi zote za avoka, hizo kabine, hapa Goma. Jina la kabine. Iko wapi. Nani ndani yake anashughulika na kuuza biashara. Na namba ya uyo mutu mwenyewe, si ya sekretere.

Hiyo namba ndiyo ugonjwa. Sekretere wa kabine anaweza kukupa kiti, maji, hata habari za ndoa ya dada yake. Namba ya Maître, yaani avoka mwenyewe, hakupi.

Tablo ilipaswa kuisha leo jioni. Kesho kuna mutu anatoka Butembo kununua farmasi, na Patron anataka kuchagua avoka humo. Aliniambia polepole akipanguza miwani yake: "Mama Gloire, nikikuta kasha tupu, kazi nitamupa mwengine." Halafu akaongeza kwamba nisiende kwa avoka na mutoto, kwa sababu haionekani serieux. Nikasema ndiyo Patron, mutoto anabaki na baba yake.

Sasa tuseme juu ya baba yake.

Leo ilikuwa siku ya Papa Gloire kubaki na mutoto. Tulipatana, hata dada yangu ni shahidi. Niliingia kuoga. Nilipotoka na sabuni shingoni, bwana hayuko. Gloire yuko kitandani anatafuna ndara ya baba yake. Nikapiga simu. Akasema kuna mutu moto yake, pikipiki, imekufa kule Katindo, ni haraka (bwana wangu ni fundi wa moto, na moto za watu zinakufaga siku yake tu), na kwamba hata hivyo yeye alimubeba mutoto Jumapili kanisani. Nikamuambia ya kanisani haihesabiwi, kule kila mutu anamubeba. Akakata.

Mama yangu yuko mbali, Kiwanja. Jirani alikuwa amekwenda kwenye kilio. Nilifanya nini? Nikamufunga mutoto mugongoni na liputa, kitenge changu, nikachukua karte za vizite za Patron, zile kadi ndogo zenye jina na namba zake, nikatoka.

Kwa wenye hawajui: kabine za avoka hazikai kwenye internet zikikungoja. Unatembea. Unauliza. Unapanda ngazi. Katika tablo yangu, ndani ya telefone, kwenye kasha la "iko wapi", niliandika vitu kama "nyuma ya kituo cha mafuta, mulango wa bluu, kuna mbwa". Pote nilipoingia niliacha karte ya Patron juu ya meza, ili waone nimetumwa na mutu mukubwa, si mutembezi. Na pote walinitazama kwanza mimi, kisha mutoto, kisha karte. Huko Himbi avoka mumoja muzee alinipa namba yake bila kubishana, akanishika bega: "Courage, binti yangu." Nikafikiri anasema juu ya ngazi.

(Ndiyo. Diploma ninayo.)

Mchana makasha yote yalijaa isipokuwa moja. Ilibaki kabine ya Maître Furaha, upande wa Keshero. Kila mutu aliniambia huyo mama anajua mikataba ya kuuza biashara kuliko wote. Kile ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba huyo mama anajulikana zaidi kwa kazi yake nyingine: kufuata mahakamani wanaume wanaokataa watoto.

Nilipoingia nikakuta mabenchi yamejaa akina mama, kila mumoja na mutoto wake. Nikasema moyoni, asante Mungu, hatimaye kabine inayopenda familia.

Telefone yangu ilikuwa inakufa. Kwetu kurant, umeme, ilikuwa imekatika tangu jana, na nilikuwa nimebaki na dakika chache tu za kuandika. Gloire alikuwa analia kwa sauti ile ya kung'oa bati. Nikaenda moja kwa moja kwa sekretere, mama munene mwenye miwani kwenye kamba, nikaweka karte ya Patron mbele yake. Nikamuambia nimekuja kwa ajili ya kazi, uyu ndiye patron wangu, yeye ndiye amenituma, wakitaka wamupigie.

Sekretere akasoma karte. Akamutazama Gloire. Akatikisa kichwa.

"Inaanzaga na kazi, mama," akasema. "Inaanzaga na kazi."

Sikuelewa, lakini nilikuwa na haraka. Akaniuliza jina langu, nikamuambia. Akauliza mutoto ana miezi mingapi. Nikaona ni adabu tu, nikamuambia. Akauliza kama baba yake anamusaidia. Hapo, wapendwa, hasira ya asubuhi ikapanda yote. Nikasema baba gani, baba ametoroka, ananiachia mutoto ninazunguka naye juani muji mzima, nikipiga simu anakata. Sekretere alikuwa anaandika mbio mbio kwenye fishi, karatasi yenye jina langu. Akina mama kwenye mabenchi wakasema "mmm" kwa pamoja, sawa kwaya.

Kisha akanipitisha mbele ya wote. Akanipa kiti. Akaleta maji. Akamupa Gloire biskuti. Na hakuna mama hata mumoja aliyelalamika kwamba nimeruka mustari. Nilijiambia hii kabine ninaiandika juu kabisa ya tablo.

Maître Furaha akatoka mwenyewe, mama mufupi, kanzu nyeusi mukononi, fishi yangu mukononi mwengine. Akainama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Patron anajua nimekuja hapa.

"Anajua kila kitu," nikasema. "Anataka tumalize leo, kabla ya mutu wa Butembo kufika."

Akakunja uso. Akasema wote wanatakaga kumaliza haraka. Akasema atamupigia sasa hivi, na kwamba akipiga yeye, wanakuja mbio. Nikamuambia vizuri sana, atafurahi.

(Nilisema hivyo. "Atafurahi." Musiendelee kusoma kama munanipenda.)

Ile namba ya kwanza ya karte ni ya buro, ofisi yake; ya pili ndiyo ya mukononi. Saa hizo Patron anakuwa nje, na simu ya buro inashikwa na bibi yake wa ndoa anapopita kuleta chakula. Leo alipita, akashika, akaelezwa yote.

Kwa hiyo aliyefika kwanza ni Mama Patron. Sikumujua. Niliona tu mama murefu wa liputa la bei anashuka kwenye moto mbele ya mulango, hasalimii mutu, anapita katikati ya mabenchi akitazama kila mutoto usoni mumoja mumoja. Akafika kwangu. Akasimama. Akainua kofia ya Gloire kwa kidole kimoja.

"Masikio ni yake," akasema.

Nikamuuliza ya nani. Akamugeukia Maître Furaha, akasema taratibu kwamba yeye ndiye bibi ya Papa Kasereka, wameoana kanisani, na kwamba wamulete.

Hapo ndipo nilielewa. Yote, pamoja na ile "courage, binti yangu". Nikasimama nieleze, na mudomo ukaleta maneno yote mara moja: tablo, farmasi, makasha, Butembo. Maître akanishika mukono, akasema nisiogope, hapa hakuna mutu atakayenilazimisha kukanusha.

Nilikuwa nataka kukanusha.

Patron, aliyeitwa kwa namba ya pili bila kuelezwa, akaingia anahema. Na munajua alisema nini, kabla hajamuona bibi yake?

"Ah, Mama Gloire, mumemaliza hiyo mambo yetu?"

Mabenchi yote yakamugeukia. Hata Gloire akanyamaza, na biskuti mudomoni.

"Kumbe munajuana," akasema Mama Patron.

"Namujua, ni mimi nilimupa kazi. Lakini mutoto nilimukataza." Patron alikuwa anataka kusema alinikataza kuja na mutoto. Mabenchi hayakusikia hivyo. Mama mumoja akapiga mapaja. Patron akaanza kujipanguza paji la uso na tai yake, akamuambia Maître kwamba yeye ni mushemasi kanisani. Maître akamujibu kwamba yule wa juma lililopita alikuwa mukubwa wa kwaya.

Patron akanitazama. Wapendwa, ile macho. Niliona kazi yangu inatoka kwa mulango, inapanda moto, inakwenda. Nikasema nipeni simu. Mutoto ana baba yake, ni fundi wa moto Katindo, nitamupigia sasa hivi, atawaambia yeye mwenyewe.

Maître akanipa simu yake, akaweka sauti ya nje ili kila mutu asikie. Ikaita. Bwana akashika (namba asiyoijua anashikaga mbio, anafikiri ni muteja). Nyuma yake nyundo zinagonga.

"Papa Gloire," nikasema, "ni miye. Niko kwa avoka na Gloire. Kuna watu hapa. Waambie uyu mutoto ni wa nani."

Nyundo zikanyamaza. Akafikiri. Niliyemuzalia, ninayemupikia, akafikiri.

"Mama, usinitege," akasema. "Leo uyu mutoto si wangu. Utafute mwenyewe."

Akakata.

Sijui kama mumewahi kusikia benchi zima la akina mama wakivuta pumzi. Sekretere akavua miwani, akajipanguza machozi. Mama Patron akakaa chini polepole, sawa mutu anayeketi kwenye matanga. Patron akashika ukuta. Na mimi nilisimama katikati na simu ya mutu mukononi, nimekataliwa kwa sauti ya juu mbele ya watu wa haki.

Maître Furaha ndiye aliyepiga tena. Hakusema mengi. Alitaja jina lake, alitaja kabine, akasema neno tribunal, mahakama, mara moja tu. Moto ilisimama mulangoni hata kabla sekretere hajamaliza kulia. Papa Gloire akaingia na overoli yenye mafuta, ufunguo wa kufungulia matairi bado mukononi, anasema Maître ninaeleza, Maître ninaeleza.

Gloire akamuona. Akatupa biskuti, akanyoosha mikono yote miwili, akamuita baba yake "Tata!" mpaka watu wa nje wakachungulia. Mama Patron akasimama. Akamuzunguka bwana wangu polepole, sawa mutu anayechagua mbuzi sokoni. Akatazama lile paji la uso la familia yao, pana sawa uwanja wa mupira. Akatazama la mutoto. Akarudi kwenye masikio.

"Uyu ndiye mwenyewe," akasema. Kisha akamuambia bwana wangu: "Na wewe unamukataaje mutoto mwenye sura yako yote?"

Papa Gloire akasema hakumukataa, alikataa zamu. Nilikuwa na ndara karibu. Nilijizuia kwa sababu ya Maître.

Maître Furaha akasoma tena ile fishi, akamutazama sekretere wake, sekretere akatazama dari. Akaniuliza sasa, kwa heshima, nilikuja kutafuta nini hapa. Na mimi, nikiwa na machozi na kamasi, nikatoa ile sentensi niliyoitayarisha tangu asubuhi: ninataka kujua nani katika kabine hii anashughulika na kuuza biashara, na namba yake mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. Telefone yangu ilikuwa imekwisha kufa. Akachukua biki, akaniandikia namba kwenye kiganja.

Tablo ikajaa. Patron akaona kiganja. Akavuta pumzi, akarekebisha tai, nikaona anataka kusema neno zuri. Ndipo simu yake ya mukononi ikaita. Akasikiliza. Akasema "hapana, Maître, si wangu". Akakata. Ikaita tena. Huyu wa pili alikuwa yule muzee wa Himbi.

"Mama Gloire," akasema bila kunitazama, "karte zangu uliacha wapi?"

"Kote, Patron."

Mama Patron akamunyang'anya simu. Yeye ndiye alijibu wote, mumoja mumoja, na kila mara alianza na "mimi ni bibi yake". Alipomaliza akatoa hukumu, na Maître mwenyewe hakuongeza neno. Kazi ninabaki nayo, kwa sababu hakuna mwengine aliyewahi kupata namba ya kila avoka wa Goma kwa siku moja. Lakini kesho ninarudi katika kila kabine, ngazi kwa ngazi, na Papa Gloire anakuja nyuma yangu amemubeba mutoto, wakamuone.

Sasa hivi kurant imerudi, bwana anapiga pasi shati. Ameniuliza kama alete kitambulisho. Nimemuambia alete hilo paji la uso tu.

Kesho mukituona tunapita watatu, musicheke. Anayetaka kucheka aje kwanza abaki na mutoto.