GB Haionekani kwa Nje

Jumamosi, 6 Septemba

Simu mpya! Kitochi nimekiaga rasmi. Binti yangu Rebeka, muuguzi wa Mikumi (wa kwanza ukoo mzima kuvaa gauni jeupe la kazi, naandika ili isisahaulike), alisema nichukue ya GB 128. Mudathir wa dukani naye hivyo hivyo: mama, picha zinakula nafasi. Nikashika ya 128 na ya 32. Rangi moja, unene mmoja. Nikamuuliza hizo GB zinakaa wapi. Akasema ndani. Ndani! Nani atapasua tumbo la simu yangu? Nikachukua ya 32, pesa iliyobaki nikanunulia kitenge. Kitenge watu wanakiona.

Jumatatu, 8 Septemba

Kikao cha akina mama kanisani. Simu niliiweka juu ya kitabu cha nyimbo, bahati mbaya tu. Letisia, yule wa kujua kila kitu, akauliza GB ngapi, kwa kuwa ya mwanawe ni 128. Nikasema 256. Ilitoka yenyewe. Wote wakanyoosha shingo kuitazama, utamu ulioje!

Papo hapo jirani yangu Ida akaniomba nirekodi kipaimara cha binti yake Domina. Mama yake Ida, Bibi Costancia wa Chanzuru, miguu haimbebi tena, na ndiye aliyemlea Domina. Anataka kitu kimoja tu: kuona askofu akimwekea mjukuu mikono. Nikasema shoga, ondoa shaka, hii inameza harusi tatu.

Jumapili, 14 Septemba

Aibu. Aibu!

Nilirekodi maandamano. Nikarekodi kwaya. Nikajirekodi na mimi kidogo. Zamu ya Domina inafika, simu ikaandika: nafasi imejaa. Nilijua dawa ni kufuta. Nikafungua picha nilizotumiwa kutoka Mikumi. Rebeka na sindano. Rebeka anakula wali. Rebeka kasinzia kazini. Nifute ipi sasa? Nikiwa bado nachagua, askofu amemaliza, Domina yuko kwenye benchi.

Nikainua simu juu nikaishikilia vile vile mpaka baraka ya mwisho. Hata nilimwambia mzee Donati, aliyekaa mbele yangu, ainamishe kichwa, ananiharibia picha! Picha gani? Mlangoni Ida alinikumbatia huku analia kwa furaha. Sikumwambia.

Jumanne, 16 Septemba

Chanzuru, na Ida, kumwonyesha bibi video. Mpango: nitasema chaji imeisha. Kumbe Letisia kaja na pawabenki ya kuchajia simu. Nani alimwalika?

Bibi Costancia kavaa gauni la Pasaka, majirani wamejaa mkekani. Nikasema shikamoo mama. Marahaba mwanangu, akasema, nionyeshe, sijalala. Nikabonyeza ovyo, ikafunguka picha ya Rebeka na gauni jeupe. Macho ya bibi hayaoni vizuri. Akashika simu kwa mikono miwili: Domina wangu, ulivyopendeza! Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo mama. Akaibusu.

Domina alikuwa mlangoni. Akasema polepole: bibi, huyo ni dada Rebeka.

Nikaichukua simu mikononi mwake. Nikakiri. Yote, mpaka GB. Letisia akarudia kwa sauti ya mnada: thelathini na mbili! Ida akanigeuzia mgongo. Heri angenitukana nikajua moja.

Bibi akauliza, basi askofu alifanyaje? Domina akapiga magoti, akaichukua mikono ya bibi, akajiwekea kichwani. Bibi akaomba kwa Kikaguru, kirefu, machozi yanatiririka. Hata Letisia alilia. Jambo zuri kiasi kile! Haraka nikatoa simu nirekodi.

Nafasi imejaa.

Jumapili, 21 Septemba

Ida ananisalimia, lakini kwa mdomo tu. Nilimpelekea mchele, akapokea, akanirudishia bakuli saa hiyo hiyo, limeoshwa. Inauma. Nimeapa: sitadanganya tena, na simu ni ya kupigia.

Baada ya ibada Devota wa Tindiga akaniuliza mbele za watu kama kweli simu yangu ni ya 32. Letisia alikuwa anatabasamu. Nikasema hii ni ya kujifunzia, ya 512 iko njiani kutoka Dar. Devota akafurahi: basi mama Rebeka, utarekodi harusi ya mwanangu, tarehe nne! Ida alikuwa ananitazama. Nikasema: bila wasiwasi.

Sasa niko sebuleni nasafisha simu. Zimo picha mia saba na kitu. Nimekaa toka saa nane mchana. Nimefuta moja, Rebeka kafumba macho.

Nimeirudisha. Hata akifumba macho, mtoto yule ana sura!