Mlango Unaotazamana na Wetu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kosa la watu wengi wanaohamia mtaa unaofufuka ni kukagua vyumba. Wanagonga kuta, wanapima kitanda kitaingia wapi. Chumba hakina neno. Neno liko kwa jirani. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu: mtoto hasumbuliwi na dawati, husumbuliwa na aliyeketi naye.

Leo tumekwenda Mafundini, mimi na mke wangu, Mama Nerima. Zamani ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli, nyumba za chumba kimoja, bomba moja kwa mstari mzima. Sasa magorofa yamepanda. Palipokuwa na kibanda cha makaa pana duka la kahawa, viti virefu visivyofaa mtu wa umri wangu. Mama Nerima alizaliwa hapo. Alisimama uani akanionyesha ulipokuwa mlango wa baba yake. Pameegeshwa gari. Alinishika mkono. Mwenye nyumba yetu ya Komarock anauza, lazima tuhame, na mke wangu keshachagua.

Lydiah, msichana wa wakala, akasema zimebaki nyumba mbili tu, ghorofa ya tatu, milango inatazamana. "Mzee, hizi keja zinaenda kama njugu." Nikauliza ya pili kaiomba nani. Mzee mmoja mstaarabu sana, akasema. Anaitwa Otiende.

Nikaomba kiti.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze Otiende ni nani. Karani mstaafu wa reli, tunasali kanisa moja. Hana uovu. Tatizo ni kwamba kila nikieleza jambo, yeye hulieleza upya, na vizuri zaidi. Juzi nilikuwa nawafafanulia vijana chanzo cha mafuriko. Nilipomaliza kupenga kamasi, walikuwa wamemzunguka yeye. Siwezi kuamka kila siku mkabala na mtu huyo.

Mpango: kumwambia maji hayapandi ghorofa ya tatu. Si uongo kamili. Nairobi hii, kila bomba lina siku yake ya kukauka.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimemkuta Otiende kwa kinyozi. Nikamweleza kwa huruma: mitungi, ngazi, magoti yake. Alisikiliza kwa adabu. "Mwalimu, umeniokoa," akasema, na kwamba nyumba ataiacha. Nilirudi nikipiga mluzi. Mama Nerima akauliza nimefurahia nini. Nikasema hali ya hewa.

Jioni tumechukua funguo. Mama Nerima amezishika mkononi hadi alipolala.

Jumamosi, 8 Machi

Tumehama. Balaa.

Tulikuwa tunapandisha kochi, mlango wa pili ukafunguliwa. Akatokea Wandera, mume wa binti yetu Nerima, kifua wazi, taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

Hapa pana haja ya maelezo, kwa wajukuu watakaosoma. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti hupishana kwa heshima. Hawashikani mikono. Hawalali chini ya paa moja. Taulo halimo kabisa katika mpango huo. Wandera alirudi ndani kinyumenyume akajibana kidole mlangoni. Mama Nerima aligeukia ukuta akabaki hivyo, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Vijana wa kubeba mizigo wakamuuliza, "Mathe, uko sawa?"

Nerima alituelezea kupitia ufa wa mlango. Mzee Otiende ndiye aliyewaambia nyumba iko wazi. Waliingia jana. Hakuwataja majirani wa mkabala, nasi hatukuwa tumemwambia Nerima tunahamia wapi. Nikauliza, na maji? Maji yapo, baba, akasema. Mzee Otiende mwenyewe alituleta Alhamisi mchana kuiona nyumba, akafungua bomba, akasimama akilitazama huku akitabasamu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilimkabili Otiende. Nikamuuliza kama anajua maana ya ukwe.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni Mjaluo, miiko hiyo hata kwetu ipo. Mambo ya wakwe unataka kunifundisha wewe?" Alicheka hadi akashikilia uzio wa kanisa.

Mama Nerima hakucheka. Amelala na kilemba, mkwe asije akamkuta kichwa wazi. Kuanika nguo juu ya paa amenituma mimi, kwa kuwa kamba imejaa mashati ya Wandera. Amesema afadhali chumba cha Kware, mahali jua haliingii, kuliko kukutana na mkwewe ngazini. Lakini alipokuwa akisema hivyo alikuwa dirishani, anatazama pale uani palipoegeshwa gari.

Mchana ameondoka kwenda kwa Otiende peke yake. Amerudi na maamuzi. Wandera atahamia Njiru na mkewe, karibu na kazi yake, na anamshukuru Mungu. Otiende atachukua nyumba aliyoitaka tangu mwanzo. Nami nitasimama mbele ya wazee wa kanisa niseme nilichofanya. Nikauliza kama nina nafasi ya kulifikiria hilo. "Baba Nerima," akasema, "nimeshakubali kwa niaba yako."

Alhamisi, 13 Machi

Wandera amehama. Alimuaga mama mkwe akiwa ghorofa ya chini, amempa mgongo, akipaza sauti. Mama Nerima alimjibu kwa baraka ndefu. Sasa anashinda uani na wasichana wa duka la kahawa, anawaonyesha lilipokuwa bomba na nani aligombana na nani hapo. Amenenepa kwa furaha.

Mbele ya wazee nilijieleza vizuri sana. Kisha Otiende akaomba ruhusa, akalieleza kosa langu upya. Wazee walimpigia makofi.

Jana Otiende kahamia mkabala nasi, na leo asubuhi amebisha kunieleza jinsi ya kutumia kitasa cha mlango wangu.

Nimetafakari. Somo la juma hili liko wazi. Hoja ya maji ilikuwa dhaifu, kwa sababu bomba mtu huweza kulifungua akaona. Upepo haufunguliwi. Na Wandera anasema Njiru kuna upepo mtamu, unaotibu hata magoti.

Kazi ya leo, kabla ya chakula cha mchana: bisha kwa Otiende, umsifie upepo wa Njiru hadi atamani kuhamia.